Milango ya Tela ya Bibi

Juzijuzi mjukuu wangu alinipandisha Newala kwa gari lake, kwenda kuhani msiba wa binamu yangu. Njiani mvua ikatushika, ile mvua ya kwanza isiyo na adabu, inayopiga ubavuni badala ya kushuka kutoka juu. Nikajikuta napapasa mlango. Nilipitisha kidole kwenye ule mpira mweusi unaozunguka fremu yote, nikabonyeza, nikakitazama kidole: kikavu. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, umepoteza nini?" Nikamwambia atazame mbele aendeshe gari. Ningemweleza nini mtoto ambaye hajawahi kukaa ndani ya kitu kinachovuja? Lakini wewe msomaji una nafasi, na mimi leo nina maneno. Nitakusimulia jinsi baba yangu alivyojenga nyumba yenye magurudumu, na jinsi milango yake ilivyotutoa jasho, wakati Mwingereza angali anatawala na mimi ni msichana mdogo pale Mkomaindo, Masasi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Makote, kule juu Newala. Usoni alikuwa na nembo za Kimakonde, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya, pambo la mti ambalo alikwisha kuliacha zamani, basi akisema jambo kwa hasira maneno yalitoka na kamluzi kadogo. Watoto wa mtaani walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua kamluzi kale kakitoka mtu fulani atafanya kazi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Mwaka ule, msimu wa baridi, kifua kilimbana vibaya. Wapwa zake wakamteremsha kwa machela mpaka hospitali ya Masasi, wakamwacha kwetu, wakaenda pwani kutafuta kazi ya mkonge. Bibi alipona kifua, lakini miguu ilikataa. Alikuwa mtu wa kulala na kukaa tu, na kutoka kitandani mpaka kwenye kigoda mama alimshika huku na mimi kule. Mganga wa hospitali akamwambia mama jambo moja: huyu mzee asilowe. Kifua hiki kikipata unyevu tena, hakina mara ya tatu.

Sasa ikawa miezi ya korosho, jua linachoma, mikorosho imejaa mabibo mekundu na ya njano, mtaa mzima unanuka utamu uliochachuka. Mvua zilikuwa karibu. Na Bibi akatangaza kwamba mvua hazitamkuta Masasi. Alisema shamba la mwanamke likilala msimu mmoja, watu huanza kuulizana kama mwenyewe yupo. Mama alipombembeleza, akasema wazi, bila kulia, "Nikifa nifie Makote. Huku kwenu sina hata mti ninaoujua." Mama akasema hapana. Bibi akageukia ukutani akaacha kula. Ndivyo walivyokuwa, mama na mwanawe, wote wametoka kwenye chungu kimoja, na mimi na bakuli langu la uji wa mtama nimesimama katikati.

Utauliza, baba si alikuwa dereva? Ndiyo. Baba, Mmakua wa Lisekese, aliendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, akipanda Newala bila mzigo na kushuka na magunia ya korosho. Lakini siku hizi watu mmesahau mambo. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutazamana. Baba akikutana na Bibi njiani aliacha njia akaingia majanini mpaka apite. Hakula mbele yake, hakutamka jina lake, hakukanyaga mahali alipolala. Ile miezi Bibi alipokuwa chumba cha ndani kwetu, baba aliingia kwa mlango wa uani kama mwizi, na usiku mwingine alilala kwenye lori. Sasa amketishe ndani ya kabini, bega kwa bega, mpaka Newala? Bora angeambiwa atembee uchi sokoni. Na nyuma ya lori, juu kule, palikuwa wazi, upepo na mvua. Machela nayo Bibi aliikataa. "Nimeshuka kama maiti," alisema, "sitapanda kama maiti."

Palikuwa na jambo jingine, ambalo halikusemwa ila kila mtu alilijua. Kwa desturi yetu, mwanamume akioa hujenga nyumba ya mama mkwe. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, kabla hajajivunia chochote. Baba alimchukua mama akamleta Masasi kwa sababu ya kazi, na nyumba ile hakuijenga. Bibi hakuwahi kumlaumu mdomoni. Alikuwa akisema tu, mara mojamoja, kwamba paa lake la Makote sasa lina nyota nyingi.

Nafikiri ndiyo maana siku moja baba alirudi kutoka njia ya Nachingwea akivuta kiunzi cha tela iliyotupwa kwenye mashamba ya karanga yaliyoshindikana. Chuma kitupu, ekseli moja, matairi mawili yasiyofanana. Akaiegesha uani chini ya jua, akasimama kwa mbali, akaniita. "Nenda kamwambie Bibi namjengea nyumba. Ina magurudumu, lakini ni nyumba." Nikaenda mbio. Bibi akasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie mlango uwe mpana, sipendi kuinama."

Mama ndiye aliyeweka sharti. Aliliweka mbele yangu ili nilipeleke pande zote mbili, ingawa pande zote mbili zilikuwa zinasikia. Tela ikimalizika itamwagiwa maji. Tone moja likipita, Bibi haendi kokote, na mama asisikie tena habari za Makote mpaka kiangazi. Hakuna tone, anakwenda. Bibi akakubali. Baba akakubali. Nami nikawa mjumbe wa mkataba mzito kuliko umri wangu.

Baba alijenga jioni na Jumapili baada ya kanisa. Sakafu ya mninga, kuta za mbao za makasha, paa la bati. Nyuma aliweka mlango mkubwa wa mbawa mbili, ili kitanda kipite, na ubavuni mlango mdogo wa sisi wengine. Ilipopata paa tu, milango imening'inizwa kwenye bawaba lakini haijazibwa popote, Bibi akaagiza ahamishwe. Alisema amechoka kulala nyumbani kwa mkwe kama asiye na kwao. Tukamhamisha na kitanda chake cha kamba, mkeka wake, chungu chake, na tangu dakika ile tela ikawa nyumba yake. Na baba, aliyeijenga kila ubao, akawa haruhusiwi kuweka hata unyayo ndani.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Milango haizibiki kwa upande mmoja. Mtu wa nje haoni mwanga unapopenya, na wa ndani hawezi kurekebisha bawaba. Mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na shamba la muhogo la kuangalia. Basi mimi nikawa mikono ya baba upande wa ndani.

Tulibuni namna yetu ya kazi. Mimi nilifunga milango yote, nikakaa gizani na Bibi. Jua la saa sita likipiga nje, mianya yote ilionekana, nyuzi nyembamba za mwanga juu, chini, pembeni. Nilichukua njiti za fagio la chelewa nikachomeka kila palipo na mwanga. Kule nje baba aliona njiti zinatokeza, akapiga alama ya mkaa kila mahali. Siku ya kwanza mlango mkubwa ulijaa njiti ukawa kama nungunungu. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu aliyeshona mito ya sufi na kuiuza gulioni, alipita akasimama, akashika kiuno. "Mama Agnesi," akamwita mama, "mlango wenu umeota nywele." Mama hakucheka. Alikuwa anahesabu njiti zile moyoni, nilimwona.

Jaribio la kwanza lilikuwa mpira wa baiskeli. Baba aliukata vipande virefu, akavipitisha kwangu chini ya mlango. Kisha akaanza kugonga. Alipogonga kwa kidole upande wa nje, pale ndipo nipige msumari upande wa ndani. Ngo, ngo, nami nagonga. Akitaka nisogeze aligonga mara mbili haraka. Bibi alilala akisikiliza, anasahihisha bila kuulizwa. "Amekuambia juu kidogo. Mtoto huyu ana masikio ya mapambo." Akiwa na furaha aliniita mke mwenzangu, akisema, "Mke mwenzangu, nyundo hushikwa mwisho wa mpini, si shingoni kama kuku."

Siku ya maji mama akaja na debe alilolitoboa matundu chini, akapanda juu ya kinu. Hajaanza hata kumwaga, Bibi akapiga kelele kutoka ndani, na kamluzi kakatoka. Tulidhani ameumia. Kumbe ameona kwa mlango mdogo maji yanataka kumwagwa ardhini bure. Wewe wa mjini huwezi kuelewa. Newala juu kule hakukuwa na kisima. Wanawake waliteremka mlima alfajiri na mitungi, wakapanda nayo jua likiwa utosini, na maji ya kunawia uso yalioshea vyombo, na ya vyombo yakanyweshea mboga. Mtu wa Makote kuona debe zima linamwagiwa ubao, hilo kwake lilikuwa tusi. Akatoa amri: karai chini, sufuria pembeni, beseni la mtoto pale. Ndipo tukaruhusiwa. Maji yaliyojaribia milango ya Bibi yalinywesha maboga yetu yote mwaka ule, na hayajawahi kuzaa vile tena.

Nilikuwa nimenyunyiza majivu kwenye kizingiti na pembeni, ili tone likianguka liache alama. Mama akamwaga. Nami nikatazama majivu yanageuka tope. Maji yaliingia chini ya mlango kama mgeni aliyekaribishwa. Nilipofungua sikuhitaji kusema kitu, mama aliona uso wangu. Akashuka kwenye kinu, akasema, "Haendi," akaenda kuchambua kisamvu. Baba alibaki ameshika randa, ametazama upande mwingine, kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Angekuwa mtu mwingine angeacha. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na ubishi wa kimyakimya, ule mbaya zaidi. Jumapili iliyofuata alikuja na kopo la mafuta meusi ya ganda la korosho. Watu wetu wanapaka mafuta yale kwenye nguzo za nyumba na mchwa hazigusi, maji hayapenyi. Baba aliona shida si mianya tu, mbao zenyewe zinakunywa maji zikavimba na kupinda. Hapo alikuwa sahihi. Akapaka nje, akanipa kopo na manyoya ya kuku nipake ndani na kingo zote, akanionya nisijiguse. Nilijua. Mtoto gani wa kwetu hajaunguza midomo kwa kung'ata korosho mbichi? Nilipaka vizuri sana.

Jambo ambalo hatukulifikiri, sisi wote na akili zetu, ni kwamba nguzo ya nyumba haishikwi na mtu, lakini mlango hushikwa. Bibi alikuwa na kawaida ya kujiinua kitandani kwa kushika ubao wa mlango. Alfajiri akaushika, akajiinua, akajisikia vizuri, akala uji. Mchana kiganja kilikuwa chekundu. Kesho yake ngozi ilibanduka yote.

Mama aliwaka siku ile, nikaogopa. Alisema nyumba hii sasa inamla mwenyewe. Akamfunga Bibi mkono kwa jani la mgomba na mafuta ya nazi, akasema akisikia neno moja zaidi ataivunja tela kwa shoka. Na baba, ambaye kwake kumjeruhi mama mkwe hata kwa mwiba ni aibu ya kumhamisha mtu kijijini, aliondoka bila kula, akarudi jioni na kuku jike mweupe. Akapiga magoti mbali na tela, kwenye njia, akaniambia, "Mpelekee. Mwambie naomba radhi." Nikampeleka yule kuku anapiga mabawa. Bibi alimtazama kuku, akautazama mkono wake. "Mwambie mimi nimekwisha kuchanjwa nembo na mafundi, yeye si wa kwanza," akasema. "Kuku nimepokea. Mlango je?"

Nililipeleka neno hilo nikikimbia. Baba alikuwa bado amepiga magoti. Alicheka, halafu akafuta macho, nami nikajifanya nimeona kitu kingine.

Baada ya hapo kazi haikuwa ya baba peke yake. Jirani wa mito alileta sufi, akatufundisha kuisokota ndani ya vipande vya kanga chakavu mpaka ikawa kamba nene laini. Mama, ambaye hakuwa amesema ndiyo wala hapana, siku moja aliketi tu pamoja nasi akaanza kushona. Tuliyeyusha nta ya nyuki tukaichovya kamba ile, ikatoka inanuka asali na moshi. Na Bibi akatuma ujumbe ambao nilitakiwa kuusema neno kwa neno: "Mwambie hili ni kasha, si nyumba. Nyumba ina upenu." Na kweli. Baba alikuwa amejenga kama lori, paa linakatika palepale ukuta unapoishia, na maji yote ya bati yanashuka moja kwa moja kwenye mlango. Akaongeza vipande vya bati juu ya kila mlango, vimeinama mbele, akauinua ubao wa kizingiti na kuukata mshazari ili maji yateleze nje. Mafuta ya korosho nayo yalikuwa yamekwisha kukauka na kuwa magumu kama pembe, na kwa kweli mbao hazikuvimba tena. Bibi alitundikiwa kamba darini ya kujiinulia.

Tukarudia kazi ya kugongana. Baba nje, mimi ndani, kamba ya nta katikati. Ngo, ngo. Nilikuwa na misumari mdomoni na nta kwenye kucha. Nilipomaliza na kufunga, hakukuwa na uzi hata mmoja wa mwanga. Njiti haikuingia. Bibi akasema gizani, "Sasa hata shetani atabisha hodi."

Mawingu yalikuwa yameanza kusimama upande wa Newala mama alipopanda tena juu ya kinu. Mtaa mzima ulikuja. Alimwaga debe, akamwaga la pili, jirani akaleta la tatu, na akamwaga kwa hila, pembeni, chini, kwenye bawaba, maana mama yangu hakuwa mtu wa kumpendelea mtu, hata mama yake. Mimi ndani nilipiga magoti, uso karibu na majivu, sipumui. Maji yalipiga mlango kwa nguvu. Majivu yalikaa palepale, meupe, makavu, kama unga. Nilipofungua nikasema, "Hakuna." Mama akaingia mwenyewe, akapapasa kizingiti, akapapasa pembe zote. Akaketi kitandani kwa Bibi. Alikaa hivyo kidogo, kisha akainuka akaanza kufunga mizigo. Nilimwelewa baadaye sana. Alikuwa ameomba tone lile liingie.

Tajiri wa lori aliruhusu tela ifungwe nyuma. Tuliondoka asubuhi, Bibi, mama, mtoto na mimi ndani, baba peke yake mbele. Mvua ilitukuta chini ya mlima, njia ikageuka sabuni, tukasimama hapo tukapiga kambi mpaka njia ikauke. Tulichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, chini ya kipande cha turubai, baba akala upande wa pili wa lori. Mvua ilipiga bati mpaka hatukusikiana, maji yakapita chini ya sakafu yetu kama mto, na sisi tuko kavu, tunanuka nta, mtoto amelala. Mama alikuwa akiamka kila mara kupapasa kizingiti. Bibi akamwambia, "Lala. Mkwe wangu amejenga." Hakuwahi kusema hivyo kabla, na alisema wakati baba mwenyewe hawezi kusikia.

Tulifika Makote mchana wa siku ya pili, na mvua nyingine ikawa inatungoja. Baba aliegesha pembeni ya shamba la Bibi, karibu na kile kibanda kilichobaki miti mitupu. Lori liliponyamaza, Bibi akasema, "Fungua." Mama akadhani hakusikia vizuri. "Mama, mvua." "Naisikia. Fungua huo mkubwa, mbawa zote mbili." Mama akaanza kusema habari ya kifua, habari ya mganga. Bibi akamshika mkono kwa kiganja kile chenye ngozi mpya. "Mwanangu, nimekuja kavu. Ulitaka nifike kavu, nimefika. Sasa niache nifike."

Mama mwenyewe ndiye aliyefungua komeo. Mbawa zikafunguka na shamba lote likaingia, harufu ya udongo mwekundu uliolowa, harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho, mvua imesimama mlangoni kama pazia. Bibi akanyoosha mkono nje ya upenu, akakinga maji, akanywa. Akakinga tena, akanywa. Huyu ni mwanamke aliyebeba maji mgongoni mwa mlima maisha yake yote, na sasa yanamjia kitandani. Alicheka kama msichana. Na baba alikuwa nje, ametupa mgongo, amesimama katikati ya mvua ile, maji yanamtiririka kwenye kola, kwa sababu milango ilikuwa wazi na mama mkwe wake yumo ndani. Nikatumwa nikamwambie aje chini ya upenu. Akasema hapo alipo panatosha.

Bibi aliishi ndani ya tela ile msimu mzima. Alipanda shamba lake kwa fimbo, yaani alikaa mlangoni akaelekeza, na watoto wa wapwa zake wakafukia mbegu. Alikula mahindi mabichi ya kwake, kunde za kwake, boga la kwake. Milango ilifungwa usiku tu. Kifua kilirudi mwishoni mwa masika, naye akafa Makote, kavu, juu ya kitanda chake, kati ya miti anayoijua. Mama hakuwahi kujua kama ilikuwa ile mvua aliyokunywa au ni siku zake tu, na nilipokua aliniambia kwamba angefungua tena.

Baada ya maziko baba aliomba ruhusa kwa wajomba, akaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Niliingia naye. Aliivuta milango akaifunga, giza likawa tele, halafu akaifungua kidogo ili aone. Akapitisha kidole kwenye mstari wa misumari yangu, kutoka juu mpaka chini, polepole, pale alipokuwa amegonga na mimi nikagonga. Mingi ilikuwa imepinda. Mmoja ulikuwa umeingia mpaka nusu, ukalala ubavu. Nilijitayarisha kugombezwa. Akasema, "Kumbe tulikuwa wawili," akatoka.

Leo mabomba yanafika Newala, ingawa wenyeji watakuambia yanafika yanapotaka. Ukwe wa namna ile umekwisha. Mume wa binti yangu anakuja kwangu, anakaa kwenye kiti changu, anafungua jokofu langu anatafuta soda, ananiita mama anataniana nami, nami nampenda, sitaki akimbilie majanini. Lakini nikimtazama najiuliza kama angejua kumjengea mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hataruhusiwa kukiona ndani. Tela ilibaki Makote. Bati lilikwenda kwenye choo cha mjomba, ekseli ikabebwa na watu nisiowajua, mbao zilizopakwa korosho zikakataa kuoza zikaishia kuwa uzio wa mbuzi.

Nyumba yetu ya Mkomaindo baba hakuigusa. Mvua zikianza tulitandaza sufuria chumba kwa chumba, na yeye akahamisha mkeka wake kutoka kona hii kwenda ile, mpaka alipozeeka, mpaka alipofariki. Katika maisha yake alijenga nyumba moja tu isiyovuja, na hakuwahi kulala ndani yake.